Ubia si Mchango: Istilahi za Ujenzi na Utunzaji wa Shule za Sekondari

Nchi ya Unyanyembe imekitajirisha Kiswahili kwa maneno yasiyo haba. Neno ikulu, ambalo leo kila Mtanzania hulitumia kwa makao ya Rais, ni la Kinyamwezi na lilikuwa na maana ya makazi ya mtemi. Itetemia, ambayo sasa ni kata katika Manispaa ya Tabora, ni mojawapo ya mahali palipokuwa na ikulu ya watemi wa Unyanyembe. Katika njia ya misafara iliyopita huko kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, neno jingine lilitumika kila siku, nalo ni hongo. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa malipo ya wazi ambayo msafara ulimpa mtemi ili upite kwa amani katika nchi yake. Leo hongo ni rushwa. Umbo la neno halikubadilika. Kilichotoweka ni makubaliano yaliyoonyesha anayelipa, anayepokea na haki inayonunuliwa.

Yafaa funzo hilo likumbukwe na kila mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali anayeandika juu ya ujenzi wa shule, maana neno ubia linaelekea kupatwa na msiba wa namna hiyo hiyo. Tangu Sheria ya Ubia baina ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ilipotungwa mwaka 2010, neno hili limeenea katika hotuba, barua na taarifa za halmashauri. Mara nyingi hutumiwa kwa kila tendo la kusaidiana: mfanyabiashara akitoa mabati huitwa mbia, wazazi wakichimba msingi huitwa wabia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba matumizi hayo yanapotosha, na kwamba upotoshaji wake una gharama kwa wananchi.

Historia ya elimu mjini Tabora inatosha kutupambanulia dhana zinazochanganywa.

Kwanza, kuna shule ya serikali. Shule ya Wavulana ya Tabora ilianzishwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza katika miaka ya 1920, ikikusudiwa hasa wana wa machifu. Julius Nyerere aliingia hapo mwaka 1937. Katika shule ya namna hii serikali ndiyo mwenye mali, ndiyo mwendeshaji, na ndiyo inayopaswa kuitunza.

Pili, kuna ruzuku. Shule ya St. Mary's, ambako Nyerere alifundisha baada ya kutoka Makerere mwaka 1945, ilikuwa ya misheni ya Kikatoliki. Chini ya utawala wa Waingereza, shule za misheni zilizotimiza masharti zilipewa ruzuku, yaani fedha za serikali za kusaidia kuziendesha. Ruzuku haikuhamisha umiliki. Mwenye shule alibaki kuwa misheni. Ilihitajika Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ili shule zilizopata ruzuku ziwekwe chini ya serikali. Kwa hiyo anayeandika ubia mahali pa ruzuku anafuta tofauti ambayo ililazimu kutungiwa sheria.

Tatu, kuna mchango na nguvu za wananchi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ndio uliozaa shule za kata kwa wingi: shule za sekondari nchini, zilizokuwa zaidi ya 1,700 mwaka 2005, zilizidi 4,200 ilipofika mwaka 2010. Wananchi walifyatua matofali, wakasomba mchanga na kutoa fedha, na serikali ikaongeza fedha za kumalizia. Jengo likisha huwa mali ya umma chini ya halmashauri. Mwananchi aliyetoa mchango hana hisa wala mkataba. Haki yake ni ile ya raia yeyote: mwanawe asome na hesabu zitangazwe.

Nne, kuna ubia wenyewe. Neno hili lina shina moja na bia, yaani jambo lifanywalo kwa shirika, ambapo kila mmoja hutia chake na hupata fungu lake. Ubia wa kisheria una alama nne: mkataba wenye muda maalumu, mwenye mtaji binafsi anayefanya kazi ya umma kwa niaba ya serikali, malipo kwake, ama kutoka kwa serikali ama kutoka kwa watumiaji, na mgawanyo wa vihatarishi, yaani nani atabeba hasara jambo likiharibika. Alama moja ikikosekana, mfasiri atafute neno jingine.

Sasa tufikirie barua isomayo hivi: “Wazazi, mkiwa wabia wa shule, kila mmoja atatoa mfuko mmoja wa saruji.” Mzazi ana haki ya kuuliza: fungu langu ni lipi? Jibu la kweli ni kwamba halipo. Tangu Januari 2016, ada ilipofutwa katika shule za serikali kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, kutofautisha ada, mchango wa hiari na malipo ya mkataba kumekuwa jambo la lazima zaidi, maana mzazi huweza kudaiwa kwa jina la ubia kile asichopaswa kudaiwa.

Lipo pia suala la utunzaji, ambalo aghalabu husahauliwa. Wenyeji wa Tabora wanaijua tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa. Paa lake lisipokandikwa upya kabla ya mvua, huvuja na hatimaye kuanguka. Shule nayo ni vivyo hivyo, japo iwe ya saruji. Inapendekezwa maneno haya yatenganishwe:

Matunzo: kazi za kila siku za kuzuia uharibifu, kama kusafisha mifereji na kupaka rangi.

Matengenezo: kurekebisha kilichoharibika, kama kitasa au bati lililotoboka.

Ukarabati: kulirudisha jengo chakavu katika hali yake njema.

Ukaguzi: kuthibitisha kwamba kilichojengwa na kutunzwa kinalingana na mkataba.

Makabidhiano: kukabidhi jengo kwa serikali muda wa ubia unapokwisha, likiwa katika hali iliyotajwa.

Mkataba ukisema “mbia atafanya matengenezo” tu, anaweza kudai kwamba ukarabati haumhusu. Uingereza, iliyoanza ubia wa namna hii mwaka 1992 na kuacha kufunga mikataba mipya mwaka 2018, inatupa mfano wa haja ya ukaguzi. Mjini Edinburgh, Januari 2016, ukuta wa shule iliyojengwa kwa ubia uliporomoka wakati wa dhoruba. Miezi michache baadaye shule 17 zilifungwa kwa sababu ya kasoro za ujenzi. Mkataba ulikuwapo, lakini haukutosha kuufanya ukuta usimame.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno ubia, mwandishi na ajiulize maswali manne: Nani mwenye mali? Nani atatunza? Nani atabeba hasara? Mkataba utakwisha lini? Akipata majibu yote katika hati iliyo mbele yake, neno ubia ni mahali pake. Asipoyapata, na aandike mchango, ruzuku, ufadhili au msaada, kadiri ya ukweli wa jambo. Maneno hayo hayana aibu yoyote, na mwananchi wa Itetemia atakayeyasoma atajua mara moja anachotoa na anachopata.