Nyota Nzito na Nyota Nyepesi Katika Kilimia

Kilimia, ambacho jina lake lahusishwa na kazi ya kulima, huonekana kwa macho matupu kama nyota sita au saba zilizosongamana. Kwa darubini, fungu hilo limeonekana kuwa na nyota zaidi ya 1,000, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 440. Nyota hizo zilizaliwa katika wingu moja la gesi, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Kwa kuwa umri na umbali wake ni mmoja, tofauti ya mwangaza wake hutokana hasa na tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kila nyota.

Je, tungamo hizo zimegawanyikaje? Mwaka 1955 Edwin Salpeter alionyesha kwamba nyota nyepesi huzaliwa kwa wingi, na nzito kwa uchache. Kwa kanuni yake, kila izaliwapo nyota 1 yenye tungamo kati ya mara 10 na 20 ya Jua, huzaliwa nyota 22 hivi zenye tungamo kati ya mara 1 na 2. Nyota nzito, hata hivyo, hazidumu. Jua huweza kutumia haidrojeni ya kitovu chake kwa miaka bilioni 10 hivi. Nyota yenye tungamo mara 10 humaliza yake kabla ya miaka milioni 30.

Mahali pa nyota napo pana utaratibu. Katika Kilimia, nyota nzito zimekusanyika kati na nyepesi zimetawanyika pembeni. Nyota mbili zipitapo karibu huvutana na kupeana nishati: kwa kawaida nzito hupoteza nishati ikazama kuelekea kitovuni, nayo nyepesi huipata ikaenda mbali, pengine ikalihama fungu kabisa.

Lakini kuzama huko huhitaji muda. Fungu lililomo katika wingu la Orion lina umri wa miaka milioni chache tu, na tayari nyota zake nzito kabisa ziko kati. Mwaka 1998 Ian Bonnell na Melvyn Davies walikokotoa kwamba muda huo hautoshi. Yaelekea zilizaliwa huko huko. Mwaka 2009 Richard Allison na wenzake walionyesha kwa kompyuta kwamba fungu lililoanza likiwa na vifundo, na nyota zake zikienda polepole, laweza kujipanga hivyo kwa miaka milioni 1 hivi.

Jambo moja ni dhahiri: anayehesabu nyota za kitovuni peke yake atadhani kwamba nzito ni nyingi kuliko zilivyo. Hesabu ya haki lazima ifike hata pembeni mwa fungu.