Dishi lisilodai ada ya mwezi: lipi la kuchagua?

Ukipita leo katika mitaa yetu, iwe ni Majengo kule Mombasa au Kayole hapa Nairobi, utaona madishi yamechipuka juu ya mabati na maghorofa mithili ya uyoga baada ya masika. Mengi ni ya makampuni ya televisheni za kulipia. Aghalabu mwezi unapofika mwisho huwa hayana kazi ila kutazama mawingu, kwani mwenye nyumba ametanguliza kodi, unga na karo. Hapo ndipo swali huzuka sebuleni: kuna haja gani ya kulipa kila mwezi ilhali yasemekana ziko picha za bure angani?

Tufanye hesabu kidogo. Mwenye kutoa shilingi 1,000 kila mwezi hutoa 12,000 kwa mwaka, na kwa miaka 5 ni 60,000. Kuna watoto wanaorudishwa nyumbani kutoka shule kwa deni dogo kuliko hilo.

Basi za bure zipo, na ni halali. Lakini ndugu msomaji, usikimbilie dukani kabla hujatenga mambo mawili ambayo wauzaji wengi hupenda kuyachanganya. Stesheni zetu za hapa nchini, kama vile KBC, Citizen, NTV na KTN, haziji nyumbani kwako kwa lazima kupitia setilaiti. Tangu mitambo ya zamani ya analogi ilipozimwa mwaka 2015, baada ya ule ugomvi mkubwa uliofanya baadhi ya stesheni hizo zitoweke hewani mwezi wa Februari, hurushwa kutoka milingoti ya nchi kavu kwa mtindo uitwao T2. Anayekaa mahali ambapo mawimbi ya mlingoti yanafika ahitaji king'amuzi cha T2 na antena ya kawaida tu. Halipi ada ya mwezi wala hahitaji dishi. Nimeona watu wakiuziwa dishi, waya na mlingoti wa chuma, kumbe walichotaka ni taarifa ya habari ya saa moja na vichekesho vya Kiswahili. Kizazi kilicholelewa na Vitimbi na Vioja Mahakamani, enzi za Sauti ya Kenya, kilivitazama kwa antena, tena mara nyingi kwa jirani.

Dishi basi lafaa kwa nani? Kwanza ni yule aliyefichwa na mlima au aliye mbali na mlingoti. Pili ni yule mwenye kujua lugha au jambo fulani analolitafuta: Kiarabu, Kihindi, mahubiri, au habari za dunia. Huyu atafurahi, kwa kuwa angani zimejaa stesheni za namna hiyo.

Setilaiti hizi hukaa juu ya mstari wa Ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi, zikizunguka sawasawa na dunia hata zikaonekana kama zimesimama. Sisi wa Kenya, ambao Ikweta yakata nchi yetu, tumepata bahati: zote zimejipanga juu yetu kutoka mashariki hadi magharibi. Setilaiti za Eutelsat za nyuzi 36 mashariki ziko karibu utosini mwa Nairobi, na ndiyo sababu madishi ya huko yameinua nyuso kama yanayoomba mvua. Ile ya Intelsat 20, iliyorushwa mwaka 2012, iko nyuzi 68.5, nayo hutafutwa upande wa mashariki. Kituo chetu cha kwanza cha kuzungumza na setilaiti, kule Longonot, kilifunguliwa mwaka 1970 kwa dishi lenye upana wa karibu mita 30. Leo sentimita 90 zatosha kwa masafa ya Ku. Kwa masafa ya C utahitaji mita 1.8 au zaidi, na uwanja wa kuliweka. Faida ya hilo kubwa ni kuwa halitishwi na mvua, hali lile dogo hupoteza picha kila mbingu zinapofunguka. Setilaiti za Kiarabu za Nilesat na Badr, ambazo ndugu zetu wa Pwani huziulizia sana, zimelengwa hasa Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini. Muuzaji akikuahidi kuzikamata kwa dishi dogo, mwambie akuonyeshe kwanza, ndipo utoe fedha.

Katika king'amuzi chenyewe, tazama maandishi ya kisanduku. T2 ni ya mlingoti, S2 ni ya dishi, na viko vyenye zote mbili. Hivyo ndivyo ningemshauri mwenye fedha anunue. Vile vikuukuu vya bei rahisi huweza kukupa sauti bila picha, kwa sababu havifahamu namna mpya ya kubana picha. Hakikisha pia kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Mwepuke anayekuambia, "Hiki kinafungua zote, hata mpira wa Uingereza." Ligi ile huuzwa kwa fedha nyingi, na haiji bure kwa kuwa fundi ni hodari. Anachokuuzia ni funguo za wizi zinazopitia intaneti. Hufanya kazi majuma machache, kisha hufungwa, naye simu haishiki tena. Mpenda mpira afadhali akatazame ukumbini pamoja na wenzake.

Hakuna stesheni inayorushwa bila gharama. Kama hulipi wewe, nani analipa? Nyingine hulipiwa na matangazo ya sabuni, nyingine na sadaka za waumini, na nyingine na serikali zinazotaka sauti zao zisikike. China ilifungua kituo chake cha televisheni cha Afrika hapa Nairobi mwaka 2012. Ufaransa ina France 24 na Ujerumani ina DW. Sioni ubaya kuzitazama. Ila mzazi anayeweka dishi sebuleni ajue kuwa ameita wageni wengi kwa pamoja, kila mmoja na ajenda yake, na kwamba aghalabu hakuna hata mmoja wao atakayemsimulia mtoto hadithi za Sungura na Fisi. Hii ndiyo sababu nyingine inayonifanya nisisitize antena ya T2 iwe ya kwanza na dishi liwe la pili.

Kabla ya kununua, mwendee jirani mwenye dishi kama unalolitaka, uketi na karatasi, uandike stesheni zinazofunguka kweli. Fanya hivyo tena baada ya mwezi, maana zilizo wazi leo huweza kufungwa kesho. Fundi akija, asiondoke hadi uone picha ikitulia, na waya umefungwa vizuri dhidi ya maji. Na katika Machi au Septemba, picha ikikatika kwa dakika chache mchana siku kadha mfululizo kisha ikarudi yenyewe, usimwite wala usimlipe: ni jua limepita nyuma ya setilaiti.