Mbunge Arudi au Apumzike?

Kila baada ya miaka mitano mwananchi wa Tanzania hukabidhiwa karatasi ya kura, na pamoja na karatasi hiyo hukabidhiwa swali ambalo hakuna mtu mwingine awezaye kumjibia: mbunge huyu tuliye naye arudi Bungeni, au apumzike? Swali hili ni la nchi nzima. Hata hivyo leo twapenda kulitazama kutoka upande wetu wa Ziwa, hasa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama, kwa sababu huko kuna mali nyingi chini ya ardhi, na penye mali nyingi kosa la kuchagua vibaya huwa na gharama kubwa. Twalielekeza pia kwa wasomaji wetu wa visiwani, wa Ukerewe na Ukara, Kome na Maisome, na kwa watumishi wa Serikali, ambao wana sehemu yao katika jambo hili ingawa majina yao hayaandikwi katika karatasi ya kura.

Wako wasemao kuwa kura ya mtu mmoja haina uzito. Hao twawakumbusha Jimbo la Shinyanga Mjini. Katika uchaguzi wa Oktoba 2010, Ndugu Stephen Masele wa CCM alitangazwa mshindi dhidi ya Ndugu Philip Shelembi wa CHADEMA kwa tofauti ya kura moja. Moja tu. Mtu mmoja aliyeahirisha safari ya shambani ili kupiga kura, au mmoja aliyebaki nyumbani kwa uvivu, alitosha kuamua nani aende Dodoma.

Jimbo hilo hilo lina funzo la pili. Mwaka 2015 Ndugu Masele alirudishwa, akimshinda Ndugu Patrobas Katambi aliyesimama kwa tiketi ya CHADEMA. Mwaka 2017 Ndugu Katambi alihamia CCM, na mwaka 2020 akachaguliwa kuwa mbunge wa Shinyanga Mjini kwa tiketi ya chama kile kile alichokuwa akishindana nacho. Hatumlaumu mtu kwa kubadili chama. Hiyo ni haki yake. Twasema tu kwamba bendera huweza kubadilika katika mkono wa mtu yule yule, na mpiga kura aliyezoea kutazama rangi ya bendera peke yake siku hiyo hubaki hana kipimo.

Tena kumpumzisha mbunge si utovu wa shukrani. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, ambapo wagombea wawili wa chama kimoja walishindana kwa alama za jembe na nyumba, Waziri wa Fedha wa wakati huo, hayati Paul Bomani, alikosa kiti chake Mwanza. Naye hakuwa mgeni kwa watu wa Ziwa. Alikuwa mstari wa mbele kuunda ushirika wa wakulima wa pamba. Wananchi walimheshimu kwa kazi aliyofanya, lakini hawakuona kuwa heshima hiyo ni hati ya kumiliki kiti. Mfumo ule ulikuwa na kasoro kubwa, kwani chama ndicho kilichowachuja wagombea, na mwananchi aliweza kubadili mtu lakini si sera. Hata hivyo ulikuwa na jambo moja jema ambalo tumelipoteza: wagombea wote wawili walipanda jukwaa moja, mbele ya wananchi wale wale, wakajibu maswali yale yale.

Basi tumpime mbunge kwa kipimo gani? Kipimo kinachotumika mno siku hizi ni kile cha mkono mkunjufu. Nani alileta saruji ya zahanati? Nani aliwapa vijana jezi na mipira? Nani alifika msibani na rambirambi nono? Hatudharau ukarimu, kwetu sisi mtu asiyefika msibani si mtu. Lakini Katiba, katika ibara yake ya 63, haikumtuma mbunge Dodoma kuwa mfadhili. Imelipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi: kuuliza maswali mawaziri, kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti, na kutunga sheria. Tena mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani katika halmashauri yake, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Fedha za mfuko huo ni za umma. Bati lililonunuliwa kwa fedha hizo ni bati la wananchi, wala si zawadi ya mbunge, hata akilikabidhi mwenyewe kwa ngoma na vigelegele.

Katika ukanda wa dhahabu tofauti hii si ya maneno matupu. Tutazame mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya madini ambayo Serikali hutoza. Kwa sheria ya madini ya mwaka 1998 mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Sheria ya mwaka 2010 iliupandisha hadi asilimia 4, na marekebisho ya mwaka 2017 yakaufikisha asilimia 6. Hakuna mbunge awezaye kutoa mfukoni mwake kiasi kinachofanana na tofauti kati ya asilimia 3 na asilimia 6 ya dhahabu ya Geita na Bulyanhulu. Tofauti hiyo ililetwa na mikono iliyoinuliwa Bungeni, na miaka ile yote iliyotangulia, wakati mrabaha ulipokuwa mdogo, ilikuwako pia mikono iliyoinuliwa au iliyokaa kimya.

Iko pia fedha inayobaki karibu na mwananchi. Halmashauri hutoza ushuru wa huduma katika mauzo ya kampuni, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo hayo. Kwa hesabu ya shule ya msingi, kwa kiwango hicho kila mauzo ya shilingi bilioni 1 yaliipa halmashauri shilingi milioni 3. Aidha, tangu mwaka 2017 sheria inawataka wenye migodi kuandaa kila mwaka mpango wa kuisaidia jamii, na kukubaliana na halmashauri juu ya mpango huo. Mbunge aliyesoma mpango huo, akauliza bei ya kila dawati na kila kisima, akaenda kuona kama kisima chenyewe kinatoa maji, amewafanyia wananchi kazi kubwa kuliko yule aliyegawa kanga elfu moja. Lakini kazi hiyo haina ngoma, na kanga huonekana kutoka mbali.

Haraka ya kuuliza ni kubwa zaidi kwa sababu madini hayasubiri. Mgodi wa zamani wa Geita, ulioanza zama za ukoloni, ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Kule Kahama, mgodi wa Buzwagi ulifunguliwa mwaka 2009 na kumaliza uchimbaji mwaka 2021. Haukufikisha hata vipindi vitatu vya ubunge. Mbunge mwenye kuona mbali huuliza mapema: shimo likifungwa, mji utakula nini? Nao wachimbaji wadogo wanakumbuka Agosti 1996, walipoondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi mkubwa. Walijifunza kwa uchungu kwamba leseni na sheria zilizoandikwa mbali nao zina nguvu kuliko sururu zao. Hata suala la magwangala, yale mawe ya mabaki ambayo vijana wa Geita wameahidiwa mara nyingi majukwaani, haliishi kwa hotuba. Ahadi ni deni, na deni hudaiwa kwa tarehe.

Hatusemi kuwa kuamua ni rahisi. Tuchukue mfano wa Kahama. Ndugu James Lembeli, akiwa mbunge wa CCM, aliongoza Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira iliyochunguza mateso waliyopata wananchi katika Operesheni Tokomeza. Taarifa ya kamati hiyo ilipowasilishwa Desemba 2013, mawaziri wanne walipoteza nyadhifa zao. Hiyo ni kazi ya usimamizi kwa maana yake kamili. Mwaka 2015 alihamia CHADEMA, akagombea Kahama Mjini, na wananchi wakamchagua Ndugu Jumanne Kishimba wa CCM. Hatukosoi uamuzi wao. Huenda walitazama chama, huenda walitazama mtu, huenda walitazama barabara na maji yao. Twauliza tu kama katika mizani yao ile kazi ya Desemba 2013 iliwekwa na kupimwa, au ilisahaulika kwa kuwa ilifanyika mbali, Dodoma.

Shinyanga yenyewe imepata kuwa mahali ambapo dhamana ya uongozi ilidhihirika. Mwaka 1976, katika msako wa wauaji wa watu walioshukiwa uchawi katika Mikoa ya Shinyanga na Mwanza, watu walikufa mikononi mwa vyombo vya dola. Mwaka 1977 hayati Mzee Ali Hassan Mwinyi, mtu aliyelelewa Unguja na aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, ingawa hakuwa yeye aliyemgusa mtu yeyote. Mwaka 1985 Watanzania walimchagua kuwa Rais. Kukiri dhamana hakukumwangusha. Mbunge anayeomba kurudi naye asiogope kusema: jambo hili nililiahidi, sikulitimiza, na sababu ni hii.

Ndugu zetu wa visiwani wanaweza kusema kuwa dhahabu si habari yao. Twasema ni yao. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Baada ya msiba ule mbunge wa Ukerewe wa wakati huo alieleza kuwa alikuwa amekwisha kulifikisha suala la kivuko hicho Bungeni. Hapo ndipo tunapoona uzito wa swali la Bunge, na pia udhaifu wake. Kuuliza ni nusu ya kazi; nusu ya pili ni kufuatilia mpaka jibu ligeuke kuwa chombo salama. Na nusu hiyo haiko mikononi mwa mbunge peke yake.

Kwa hiyo twageukia watumishi wa Serikali. Mwananchi hawezi kumpima mbunge kwa hesabu asizozijua. Wakurugenzi wa halmashauri wabandike penye mbao za matangazo, hadi ngazi ya kata na kisiwa, mambo manne kila mwaka: ushuru wa huduma uliopokelewa, mpango wa migodi kwa jamii na bei zake, matumizi ya mfuko wa jimbo, na mahudhurio ya mbunge katika vikao vya baraza. Yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, si kwa lugha ya wakaguzi. Mbunge mwema atafurahi, maana chema chajiuza. Wala wasimamizi wa vituo vya kura wasisahau ile kura moja ya Shinyanga. Penye tofauti ndogo kiasi hicho, mtu anayekosea kujumlisha, kwa bahati mbaya au kwa kukusudia, huwa ameuchukua uamuzi wa jimbo zima peke yake.

Hapana budi tuseme na jambo moja zito. Kuamua kunahitaji kuwapo kwa wa kuchagua kati yao. Uchaguzi wa Oktoba 2025 ulifanyika bila CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, kuwamo katika karatasi ya kura, na uliambatana na ghasia na vifo vilivyolitia Taifa majonzi. Pale ambapo mashindano ya vyama yamefifia, uamuzi wa kweli huhamia katika kura za maoni za chama, ambako wapigaji ni wachache na vikao vya juu ndivyo vyenye neno la mwisho. Mbunge anayejua kuwa hatima yake iko mikononi mwa wachache atawatumikia hao wachache. Hii ni hasara kwa wananchi, na ni hasara kwa chama chenyewe.

Rai yetu ni kwamba uamuzi wa kumrudisha au kumpumzisha mbunge usingoje wiki ya kampeni ya mwaka 2030. Uanze sasa. Kila kijiji na kila mwalo uwe na daftari, mwenye mwandiko mzuri aandike ahadi iliyotolewa, tarehe yake, na kilichofuata. Mbunge akija kuhutubia, daftari lisomwe mbele yake kwa adabu, naye apewe nafasi ya kujibu. Na siku ya uchaguzi ikifika, wagombea wote warudishwe kwenye jukwaa moja, waulizwe maswali yanayotoka katika daftari hilo. Anayejibu kwa hesabu na arudi, hata kama hakuwahi kugawa kanga. Asiyeweza kujibu tumshukuru kwa utumishi wake, tumpe mkono wa kwaheri, apumzike.