Foleni ya Malaba Iliacha Nini Kichwani mwa Dereva

Mei 2020, foleni ya malori Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ilirudi nyuma makumi ya kilomita ndani ya Kenya. Uganda ilikuwa imewafungia abiria mipaka tangu Machi. Mizigo iliendelea kupita, ila dereva alipaswa kupimwa korona na kungoja majibu kabla ya kuingia wilaya ya Tororo. Kwenye mpaka mwingine wa Busia hali ilikuwa hiyo hiyo. Sampuli zilikwenda maabara ya taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI iliyoko Alupe kwa upande wa Kenya, na Entebbe kwa upande wa Uganda. Dereva alilala kabini, akapika ugali kwa jiko la gesi ubavuni mwa trela, akaoga maji ya dumu, akasogeza gari kidogo, akazima injini tena.

Kungoja kwa namna hii kunaumiza, na sayansi imeonyesha sababu. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwapa watu 45 mchezo wa kompyuta wa kubashiri jiwe lipi lina nyoka chini yake. Nyoka akitokea, mchezaji alipigwa shoti ya umeme mkononi. Jasho na mboni za macho zilionyesha kuwa mwili ulitaabika zaidi pale uwezekano wa shoti ulipokuwa nusu kwa nusu, kuliko pale mtu alipojua fika kwamba atapigwa.

Dereva wa Malaba alikuwa kwenye nusu kwa nusu hiyo mchana na usiku. Ninao au sina? Majibu leo au keshokutwa? Nikikutwa nao, nani atalinda mzigo, na nyumbani watakula nini? Mwili wenye wasiwasi humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Kwa dakika chache zinaokoa maisha. Zikidumu kwa siku nyingi, usingizi unakatika, hasira zinakuwa karibu na umakini unapungua. Na huyo ndiye anayetakiwa kushika usukani wa trela hadi Kampala au Kigali.

Juu ya hayo kulikuwa na kunyanyapaliwa. Wagonjwa wengi waliotangazwa Uganda siku zile walikuwa madereva, na watu wakaanza kuwakimbia kama kwamba wao ndio ugonjwa. Wahenga walisema msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Februari 2020, jarida la Lancet lilikuwa limechapisha mapitio ya tafiti 24 kuhusu karantini. Yanayoumiza akili yalitajwa wazi: muda mrefu, taarifa haba, mahitaji duni, hasara ya kipato na unyanyapaa. Yote yalikuwepo barabarani. Hasara ya kipato iliendelea: Januari 2022 madereva waligoma kupinga ada ya dola 30 ya kipimo cha korona, na bei ya petroli Uganda ikapaa.

Dawa ya msongo huu haihitaji hospitali mpya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 unafundisha huduma ya kwanza ya kisaikolojia: tazama, sikiliza, unganisha. Ofisa wa forodha au wakala wa mizigo anaweza kujifunza. Na haja bado ipo: Ebola ilirudi Uganda Septemba 2022 na Januari 2025. Mpox iliingia Kenya Julai 2024. Mlipuko ujao ukifika mpakani, dereva atajiwe kwa Kiswahili siku ya majibu yake, apewe choo, maji na mahali pa kuchaji simu apige nyumbani. Hiyo ni tiba, na iandikwe kwenye mipango ya dharura sambamba na barakoa na vipimo.