Taa ya tatu imekufa? Ni kazi ya wawili

Ile taa ya breki ya juu, katikati ya kioo cha nyuma, ikifa dereva hajui. Anayejua ni wa nyuma yenu kwenye foleni ya Ubungo, na akichelewa kukanyaga breki, anawavaa hadi siti ya mtoto.

Wala si pambo. Mwaka 1974 mwanasaikolojia John Voevodsky aliifunga kwenye teksi za San Francisco, na kugongwa kwa nyuma kukapungua sana. Marekani ikailazimisha kwenye magari madogo mapya kuanzia toleo la 1986.

Kuikagua ni rahisi mkiwa wawili: mmoja akanyage breki, mwenzake asimame nyuma. Zote tatu haziwaki? Angalieni fyuzi na swichi ya pedeli. Imekufa ya juu tu? Fungueni kifuniko, chomoeni balbu, wekeni ya aina ileile. Bado giza? Kama mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, kagueni waya zinazopita kwenye bawaba. Fungua-funga ya kila siku huzikata. Na kama ni ya LED, mara nyingi hubadilishwa taa nzima. Nendeni nayo ile mbovu kwenye maduka ya spea Kariakoo, msije mkauziwa isiyoingia.

Mkiosha gari Jumamosi, ikagueni. Mapenzi ni pamoja na kumwambia mwenzako, "Beibi, taa yako ya juu imekufa," kabla trafiki hajamwambia kwa faini.