Je, Wajua? Nyota 12 Shingoni

Je, wajua kwamba hela ya Ziwa Kivu iliwahi kuwa pambo? Iliitwa butega, bangili ya nyuzi za msituni iliyosukwa na Watembo, magharibi ya ziwa. Katika karne ya 19 ilivuka kwa mitumbwi hadi Kinyaga, yaani Rusizi ya leo na majirani zake nchini Rwanda, na huko wanawake wakaivaa miguuni kwa mafungu. Pochi mguuni!

Je, wajua kwa nini shanga za Venice hutajwa pamoja na Murano? Mwaka 1291 mafundi wa kioo walihamishiwa kisiwa hicho, maana tanuru zao zingeweza kuuteketeza mji. Ushanga wao maarufu ni rosetta, yaani waridi dogo. Usiutazame ubavuni, utazame kwenye tundu: kioo cheupe, chekundu na buluu, tabaka juu ya tabaka, na ndani yake nyota, mara nyingi ya pembe 12.

Je, wajua kwamba katika biashara ya shanga Afrika Mashariki mwenye kauli alikuwa mnunuzi? Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita huko bara kati ya 1857 na 1859, alikuta ushanga mwekundu wenye kiini cheupe ukiitwa samesame. Ulikuwa na majina ya utani pia: moja lilimaanisha kimaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kutoa mlo wake aupate, jingine kivunja mji, eti wanawake waliupenda kupita kiasi. Msafara uliobeba rangi iliyopitwa na wakati ulikuwa umebeba mawe tu. Wapwani hawakuingia Rwanda kirahisi, kwa hiyo shanga zilipenya mkono kwa mkono, soko kwa soko.

Je, wajua kwamba Mapadri Weupe waliofungua misheni ya Mibirizi, Kinyaga, mwaka 1903 walivaa rozari shingoni, juu ya kanzu, kama kidani? Wanyarwanda waliiita ishapule, kutoka neno la Kifaransa.

Na ile medali ndogo ya Bikira Maria, yenye umbo la yai, ivaliwayo shingoni pia? Ilichongwa Paris na sonara Adrien Vachette, mwaka 1832. Mbele Maria amesimama juu ya dunia, nyoka chini ya mguu, miali ikimtoka mikononi. Igeuze: herufi M, msalaba, mioyo miwili. Sasa hesabu nyota za ukingoni.