Furaha ya Mpira Isigeuke Msiba

Mavuno yakimalizika hapa Busi, na mtama na mahindi yakiisha kuingia ghalani, vijana husafisha kiwanja, husimamisha miti ya magoli, na mashindano ya vijiji huanza. Mbuzi wa zawadi hufungwa pembeni apate kuonekana na kila mtu. Wazee huja na vigoda vyao, akina mama huja na watoto mgongoni, na ngoma hupigwa tangu saa tisa mpaka jua linapozama. Huo ndio mpira tunaoufahamu na kuupenda, kwani huwakusanya watu ambao siku nyingine wasingekutana.

Lakini katika miaka hii ya karibuni umezuka mtindo ambao hatuna budi kuusemea. Ni mtindo wa kuwasha mafataki na makopo ya moshi wa rangi wakati mchezo unapoendelea. Tumeshuhudia kwa macho yetu, katika fainali moja ya vijiji, vijana wakiwasha kopo la moshi mwekundu hatua chache tu kutoka mahali walipoketi watoto. Upepo ulipogeuka, moshi uliwafunika watoto hao, wakakimbia huku na huku wakikohoa, na mmoja wao akalikanyaga kopo lenyewe lililokuwa lingali likiungua. Watu walicheka kwanza, kisha wakanyamaza. Mtoto yule alipona, lakini kwa muda mrefu alikwenda shule akichechemea.

Vijana wetu hawakuuzua mtindo huu. Wameuona katika vibanda vya kuonyeshea mpira. Tarehe 3 Juni, 1923 hapakuwa na kibanda wala picha. Lakini tarehe 3 Juni, 2023, Yanga ilipocheza na USM Alger mjini Algiers katika marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, nchi nzima iliona jinsi mafataki yalivyowaka na moshi ulivyotanda. Yanga ilishinda bao 1-0 siku hiyo, ila ikalikosa kombe kwa sababu ilikwisha kufungwa 2-1 nyumbani, na mabao ya ugenini yakahesabiwa. Wengi walisikitikia kombe. Baadhi ya vijana walirudi nyumbani na somo jingine: kwamba shabiki wa kweli ni yule anayewasha moto. Hilo ni somo potofu.

Yafaa kwanza tukielewe kitu chenyewe. Fataki la mkononi, lile linalotoa mwanga mwekundu mkali, lilitengenezwa kwa ajili ya mabaharia waliopatwa na maafa, wapate kuonekana kutoka mbali. Ndani yake mna madini kama magnesi, pamoja na kemikali inayotoa hewa ya kuulisha moto. Kwa sababu hiyo moto wake hauhitaji hewa ya nje, wala hauzimiki kwa kumwagiwa kikombe cha maji. Joto lake huweza kupita nyuzi 1,000 za Sentigredi, ilhali maji yanayochemka jikoni ni nyuzi 100 tu. Shati la poliesta, ambalo ndilo jezi ya mashabiki wengi, huyeyuka na kugandama mwilini. Kopo la moshi nalo, ingawa halitoi mwali mkubwa, huwa la moto kiasi cha kuunguza kiganja, na moshi wake ni adui wa mwenye pumu.

Asidhani mtu kwamba haya ni maneno ya kutisha watoto. Tarehe 15 Machi, 1992, katika uwanja wa Sarrià mjini Barcelona, kijana wa miaka 13 aliuawa na fataki lililorushwa kutoka ng'ambo ya uwanja. Tarehe 17 Novemba, 1993, mjini Cardiff, mzee wa miaka 67 aliyekwenda kutazama mchezo wa Wales na Romania aliuawa na fataki la mabaharia lililovuka uwanja mzima. Tarehe 20 Februari, 2013, mjini Oruro, Bolivia, kijana wa miaka 14 aliuawa vivyo hivyo katika mchezo wa San José na Corinthians ya Brazil. Mtoto, mzee na mtoto tena. Wote walikwenda kustarehe.

Timu nazo huadhibiwa. Mwezi Aprili 2005, mjini Milan, golikipa Dida wa AC Milan alipigwa na fataki begani, mchezo ukavunjika, na Inter, ambayo mashabiki wake ndio waliorusha, ikahesabiwa kufungwa mabao 3-0 na kuamriwa icheze michezo ya nyumbani bila watazamaji. Hapa nchini, Simba ilicheza na CS Constantine mwezi Januari 2025 mbele ya majukwaa matupu, kwa fujo za mashabiki katika mchezo uliotangulia. Shabiki anayejiona anaisaidia timu yake huwa amempokonya mchezaji sauti ya maelfu.

Wapo watakaotuuliza: Busi haina majukwaa, haina ukuta wala lango, je, hatari iko wapi? Jawabu letu ni kwamba hatari ipo, tena ni mbili.

Ya kwanza ni ya hapa kijijini. Mashindano yetu huchezwa kati ya Juni na Septemba, na huo ndio wakati nyasi zimekauka, mabua yamesimama shambani, na upepo wa kiangazi unavuma kutwa. Wilaya ya Kondoa inajua thamani ya majani yake. Ardhi yetu ilimomonyoka hata Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo yaliyoharibika ili uoto upate kurudi. Watu waliuza ng'ombe wao, wengine wakawahamisha kwa uchungu, ili vilima vipate kufunikwa tena. Cheche moja ya fataki huweza kula kwa jioni moja kile kilichogharimu jasho la miaka.

Ya pili inawangoja vijana wetu wanaposafiri kwenda Uwanja wa Jamhuri mjini Dodoma, au Dar es Salaam, kwenye umati mkubwa. Huko moshi hauui kwa kuunguza tu. Hupofusha, na watu waliopofuka hukimbilia lango moja. Taifa letu limekwisha kuonja uchungu wa msongamano. Tarehe 1 Februari, 2020, watu 20 walifariki kwa kukanyagana katika ibada iliyofanyika kwenye uwanja mjini Moshi. Mwezi Machi 2021, watu 45 walifariki Uwanja wa Uhuru walipokwenda kuuaga mwili wa Rais John Magufuli. Tarehe 28 Mei, 2023, siku ya mchezo wa kwanza wa fainali ile ya Yanga, mtu mmoja alipoteza maisha na wengine wakajeruhiwa katika msongamano wa kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa. Maafa hayo yote hayakuletwa na fataki. Basi na tujiulize: ingekuwaje lau moshi mzito ungaliongezwa juu ya msongamano ule?

Hapa hatuna budi kusema kweli kwa pande zote. Moshi ni moshi, awe ameurusha shabiki au mlinzi wa usalama. Tarehe 9 Mei, 2001, mjini Accra, polisi walifyatua mabomu ya machozi kwenye majukwaa, na watu 126 wakafa. Tarehe 1 Oktoba, 2022, katika uwanja wa Kanjuruhan nchini Indonesia, kosa hilo hilo lilirudiwa, na waliokufa walikuwa 135, ingawa kanuni za FIFA zinakataza gesi hiyo kuingizwa uwanjani. Tunawaheshimu askari wetu na tunaijua kazi yao ilivyo nzito. Lakini kijana aliyewasha fataki akamatwe yeye; umati usiadhibiwe kwa kosa lake.

Wapo pia wasemao kwamba moto na rangi ndio uhai wa mpira. Hatukatai kwamba uwanja mkimya ni uwanja uliokufa. Lakini uhai huo tunao tangu zamani. Tunazo ngoma, tunayo matarumbeta, tunavyo vigelegele, tunavyo vitambaa vya rangi na nyimbo za kutaniana. Navyo havijamuunguza mtoto yeyote.

Kwa hiyo tunatoa mwito ufuatao. Kamati za mashindano ziandike katika kanuni zao kwamba timu ambayo mashabiki wake watawasha fataki au moshi itanyang'anywa pointi; vijana wataanza kuchungana wenyewe. Wenye maduka wakumbuke kwamba baruti na mafataki ni bidhaa za kibali, si peremende za kumwuzia mtoto. Viongozi wa vijiji na mabalozi wahakikishe kwamba kila mchezo una ndoo za mchanga pembeni na njia pana ya kutokea. Na mtu akiungua, sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, kisha apelekwe zahanati. Asipakwe dawa ya meno, wala unga, wala mafuta. Tunajua kwamba kwetu ndoo ya maji ni mali. Basi na iwekwe moja uwanjani kwa kazi hiyo tu, wala isinywewe.

Walimu wetu wa chuoni walitufunza tungali wadogo kwamba kuondoa mwiba njiani ni sadaka. Mwenye kuuondoa mwiba hajui ni mguu wa nani aliouokoa, na malipo yake hayatangazwi kwa kipaza sauti. Tunaomba kila kijana wa Busi atakayeletewa kopo la moshi na rafiki yake, jioni ya fainali, alikumbuke jambo hilo, alirudishe, kisha achukue ngoma. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Asipopatikana wa kutia kinga ya pili, moto hautawaka.